Padi ya PS Imeanza Drifti? Soma Hii Kabla Upeleke kwa Fundi Ama Ununue Ingine

Uko dakika ya 88, mko sare, na straika wako yuko peke yake na kipa. Unaachilia stiki ndio upige, lakini jamaa anageuka kushoto anaenda zake kona kama ametumwa mkate. Beshte yako anacheka, wewe unaapa hujagusa kitu. Na ni ukweli, hujagusa. Padi yako imeanza drifti.

Hapo ndio swali la pesa linaingia. Upeleke kwa fundi Luthuli ama ununue ingine? Wasee wengi huamua kwa hasira. Mwingine anakimbilia duka na kuacha ngiri kadhaa kwa shida ambayo ingeisha na kitambaa na spiriti. Mwingine anarudi kwa fundi mara nne kwa padi moja hadi anajikuta ametoa pesa ya padi mpya bila kuwa na padi mpya. Zote mbili ni hasara, na kwa mtu anayesaka doh ya mchele na rent, hasara ya padi inauma.

Hii makala inahusu padi za PS4 na PS5 ju ndizo ziko kwa keja nyingi na vibanda vingi vya gemu mtaani. Fuata hatua moja baada ya ingine. Ukifika mwisho utakuwa unajua kama padi yako ni ya kutengeneza, ya kubadilisha, ama ni ya kuvunjwa spea.

Hatua ya kwanza: jua ugonjwa kabla ununue dawa

Usiende kwa fundi ukisema "padi imeharibika." Hiyo ni kama kumwachia kinyozi kichwa na kumwambia fanya vile unataka. Jua ni nini haswa haifanyi. Vipimo hivi vyote ni vya bure.

Kwanza, riseti. Zima PS yako kabisa. Geuza padi, utaona kashimo kadogo nyuma. Ingiza pini ama ile sindano ya kutoa laini ya simu, finya kama sekunde tano. Kisha unganisha padi na PS kwa kebo, ufinye batani ya PS. Padi ambayo ilikuwa inakataa kushika mara nyingi hurudi hapo hapo.

Pili, badilisha kebo. Kebo kibao za chaji huko nje hupitisha moto tu, hazipitishi data. Padi itachaji lakini haitaongea na PS kupitia hiyo kebo. Kabla useme mlango wa chaji umekufa, jaribu kebo mbili za watu wengine.

Tatu, pima stiki kwa macho. Unganisha padi na kompyuta kwa kebo, ama na simu ya Android kwa Bluetooth. Padi ya PS4 finya Share na PS pamoja hadi taa imulike haraka haraka, ya PS5 finya Create na PS. Kisha fungua Chrome utafute tovuti yoyote ya kupima padi za gemu. Utaona namba za kila stiki. Ukiiacha bila kuigusa, namba inafaa kukaa karibu na sufuri. Ikikaa 0.02 hadi 0.05, hiyo ni kawaida na gemu nyingi haziisikii. Ikikaa 0.15 ama iruke ruke yenyewe, hiyo ni drifti ya ukweli.

Zungusha stiki pole pole, uangalie pia kama namba inafika 1 kila upande. Kuna padi haina drifti lakini mchezaji hakimbii vizuri upande mmoja. Shida ni kuwa stiki haifiki mwisho.

Nne, finya kila batani mara kumi ukiangalia skrini. Andika ile inakosa. Sasa uko na ripoti ya daktari mkononi.

Drifti hutoka wapi?

Chini ya kila stiki kuna sensa mbili ndogo, moja ya kulia-kushoto na ingine ya juu-chini. Ndani ya kila sensa kuna njia ya kaboni na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Ukisukuma stiki, kidole kinasonga, umeme unabadilika, na PS inajua uko wapi. Ni kazi kama ile ya kifundo cha kuongeza sauti kwa redio ya shosho. Unakumbuka vile ile redio ilikuwa inakwaruza ukigusa sauti? Ni ugonjwa mmoja.

Kidole kikikwaruza kaboni kila siku, njia inaisha na vumbi la kaboni linabaki pale ndani. Umeme unaanza kusoma vibaya, PS inadhani umesukuma stiki na hujagusa kitu. Juu ya hiyo kuna springi ya kurudisha stiki katikati, nayo huchoka.

Kwa hivyo usijilaumu sana. Mwaka 2021 watu wa iFixit, wale hufungua vifaa na kueleza vile vinatengenezwa, walichambua padi ya PS5 na kuonyesha kuwa hiyo sehemu ya stiki imewekewa kikomo cha mizunguko kama milioni 2. Kwa mtu anayecheza gemu za kupigana risasi, walipiga hesabu ikatoka saa zaidi kidogo ya 400. Ukicheza saa mbili kila siku, hiyo ni kama miezi saba. Mwaka huo huo Sony ilipelekwa kortini Marekani juu ya hiyo drifti. Nintendo nao, mwaka 2020, rais wao Shuntaro Furukawa aliomba msamaha kwa shida ya padi za Switch.

Maana yake ni hii: drifti haimaanishi padi ni feki ama wewe ni mkali na vitu. Ni sehemu inayoisha, kama brek padi za nduthi. Swali ni moja tu, kubadilisha hiyo sehemu itakugharimu ngapi na itakaa muda gani.

Kila ugonjwa na dawa yake

*Drifti ndogo.* Anza na usafi. Zima padi, chukua spiriti ya kusafisha vifaa yenye nguvu ya asilimia 90 kwenda juu, weka matone mawili pale stiki inaingilia, zungusha stiki kama dakika moja, kisha acha ikauke kabisa kabla uwashe. Usitumie sanitaiza ya mkono, ile ina maji na mafuta. Usitumie mafuta ya kulainisha bawaba za mlango. Kama shida ilikuwa vumbi, utapona. Kama kaboni imeisha, utapata wiki moja ama mbili za amani na drifti irudi. Ikirudi, usirudie kuosha, hapo ni kubadilisha sehemu.

Pia ingia kwa setingi za gemu. Gemu nyingi za risasi zina sehemu ya kupanua eneo la katikati ambalo stiki haisomwi. Ongeza kidogo, drifti ndogo inapotea. Si dawa, lakini inakununulia muda wa kupanga pesa.

*Drifti kubwa.* Hapa ni kubadilisha stiki nzima. Kila moja imeshikwa kwa bodi na miguu 14 iliyochomwa risasi. Fundi anafaa kuyeyusha yote bila kung'oa njia za bodi. Spea yenyewe ni ya bei ya chini, unachomlipa ni mkono wake. Fundi mzuri anamaliza mapema na padi inarudi kama mpya. Fundi wa kubahatisha anachoma bodi, na bodi ikiungua, padi imekwisha.

*Chaji inaisha haraka.* Hii tengeneza bila kufikiria mara mbili. Betri ya PS4 ni ya 1000 mAh, ya PS5 ni 1560 mAh, na zote huchomekwa tu kwa soketi bila kuchoma risasi. Unaweza kufanya mwenyewe na bisibisi. Angalia tu, soketi za betri za PS4 si sawa kwa matoleo yote, so beba ile ya zamani ukienda kununua. Na kama betri imefura, wacha kuchaji leo. Usiitoboe, usiikunje.

*Mlango wa chaji umelegea.* Hapa PS4 na PS5 zinaachana. Kwa PS4, mlango uko kwa kibodi kidogo chake kilichounganishwa na utepe. Unanunua kibodi, unachomeka, kwisha. Beba cha zamani ulinganishe, ju matoleo ni mengi. Kwa PS5, mlango umechomwa moja kwa moja kwa bodi kubwa, so ni kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu.

*Batani hazishiki.* Chini ya batani kuna karatasi ya plastiki yenye njia za umeme. Ikichafuka ama ikiisha, X inafinywa mara tatu ndio ishike. Kusafisha husaidia, na kubadilisha karatasi ni rahisi. Tengeneza.

*R2 ama L2 imelegea.* Kwa PS4 kawaida ni kaspringi kametoka ama kamevunjika. Ni kazi ndogo. Kwa PS5 kuna mota na gia ndani, zile za kukaza triga ukivuta upinde. Ile kukaza ikikufa lakini R2 bado inasoma, jiulize kama kweli unaihitaji. Kwa mpira wa miguu huenda usiisikie hata siku moja.

*Imemwagikiwa chai ama soda.* Zima, usichaji, fungua mapema. Maji safi yana nafasi. Soda na chai ya maziwa zina sukari inayoganda na kula bodi. Kama ilikaa wiki nzima bila kufunguliwa na sasa haiwaki, usimpe fundi pesa mbele. Mwambie aangalie kwanza.

*Haiwaki kabisa, na betri ni mpya, na kebo ni poa.* Hapo kuna uwezekano bodi imekufa. Hii ndio mara nyingi jibu ni kununua ingine.

Hesabu: usiulize bei, uliza bei ya mwezi

Kosa la wengi ni kulinganisha bei ya fundi na bei ya duka tu. Fundi siku zote ataonekana rahisi. Linganisha kwa mwezi.

Chukua mfano huu, na namba ni za mfano tu, weka za kwako. Tuseme padi mpya oriji ni 6,000 na unaamini itakaa miezi 24. Hiyo ni 250 kwa mwezi. Fundi anataka 1,500 kubadilisha stiki, na unaamini itakaa miezi sita. Hiyo pia ni 250 kwa mwezi. Mko sare. Fundi akitaka 2,500 kwa miezi hiyo sita, imekuwa zaidi ya 400 kwa mwezi, so duka limeshinda. Akitaka 1,000 na unaamini itafika mwaka mzima, ni chini ya 90 kwa mwezi. Hapo kimbia kwa fundi.

Ukitaka njia ya mkato, tumia hizi tatu:

1. Kazi ikiwa chini ya theluthi moja ya bei ya padi mpya, tengeneza.
2. Ikipita nusu, nunua.
3. Ikiwa katikati, angalia afya ya padi yote. Kama ni stiki moja tu na kila kitu kingine ni fiti, tengeneza. Kama stiki inadrift, betri inakaa saa moja, na R1 inakosa, hiyo padi inakuambia kwaheri. Ukitengeneza moja leo, mwezi ujao ni ingine.

Jumlisha pia zile gharama ndogo ambazo hakuna mtu huhesabu. Kama unatoka Rongai ama Kasarani kuja tao, fare ya kwenda na kurudi mara mbili ni pesa. Padi ya kutuma na paseli ni pesa. Weka ndani.

Na kama huna hizo 6,000 saa hii, usijikaze. Kukopa kwa simu ununue padi halafu ulipe riba ni kuifanya hiyo padi ya 6,000 iwe ya zaidi. Tengeneza ya zamani kwa bei ndogo, weka kando kidogo kila wiki, nunua ukiwa na pesa yako. Drifti haijawahi kuua mtu, madeni yanasumbua.

Kama padi ndio kazi yako

Kama una kibanda cha PS, hesabu yako ni tofauti kabisa, na ndio maana nimeiweka peke yake. Kwako padi ni jembe.

Tuseme unachaji 20 kwa mechi, na skrini moja inapiga mechi nne kwa saa. Hiyo ni 80 kwa saa. Padi moja ikikufa, hiyo skrini haina mpinzani, na mechi za kupigana wawili ndizo huleta watu. Kama saa zako za moto ni tano kwa siku, unapoteza 400 kila siku. Fundi akikuambia "njoo Alhamisi" na leo ni Jumatatu, hizo siku tatu zimekula 1,200. Ongeza hiyo juu ya bei ya fundi ndio ujue bei ya ukweli.

Kuna ingine kubwa kuliko hiyo. Padi ya drifti huleta ngori. Anayefungwa atasema padi, anayefunga atasema ni uwezo, na wewe ndio utarudisha pesa ya mechi ndio amani irudi. Wateja wakizoea kuwa kwako padi ni mbovu, watahamia kwa jirani na hawatakuambia.

So kwa kibanda, kanuni ni hizi. Weka padi moja ya akiba kila wakati, hata kama ni ya mitumba. Usibadilishe padi yote, badilisha sehemu, ju wewe una padi nyingi na moja iliyokufa ni duka la spea la zingine. Jifunze kubadilisha betri, karatasi ya batani na mpira wa juu wa stiki mwenyewe. Kama mkono unaruhusu, jifunze kuchoma risasi kwa bodi zilizokufa kwanza. Ukishaweza, hata padi za mtaa zitaanza kuletwa kwako, na hapo umeongeza hustle.

Padi feki: hapa sheria zote zinabadilika

Kabla uamue kutengeneza, hakikisha unatengeneza oriji. Sokoni kuna feki kibao, na zingine zimepakiwa kwa boksi safi kuliko la oriji.

Padi ya PS4 oriji ina uzito wa kama gramu 210, ya PS5 kama gramu 280. Ukishika na uhisi ni nyepesi kama toi, shuku. Angalia maandishi nyuma, feki mara nyingi yana herufi zimekosewa ama zimechapwa kando. Kwa PS5, weka Astro's Playroom, ile gemu inakuja ndani ya kila PS5. Pale R2 inafaa kukaza na padi kutetemeka kwa njia tofauti tofauti. Kama kila kitu kinatetemeka tu kama simu ya kabambe, umeuziwa mbuzi kwa gunia.

Kwa PS4, jaribu ile sehemu ya kugusa ya katikati na tundu la hedifoni. Kwa feki nyingi moja kati ya hizo huwa ni urembo.

Je, feki inatengenezwa? Betri ndio. Waya iliyotoka ndio. Lakini stiki hapana, ju bodi za feki hazifanani, spea za oriji hazikai sawa, na hata zile programu za kompyuta za kupanga katikati ya stiki hukataa feki nyingi. Usiweke pesa kubwa kwa padi feki. Itumie hadi ifike mwisho, kisha nunua oriji.

Maswali ya kuuliza fundi

Fundi mzuri hachoki na maswali. Akianza kukasirika, wewe beba padi yako.

Uliza: unabadilisha stiki nzima ama unaosha tu? Wako wanaoosha na kuchaji ya kubadilisha. Uliza: utafanya kalibresheni? Stiki mpya ikichomwa, katikati yake hailingani na ile ya zamani, na bila kupangwa kwa kompyuta unaweza kuondoka na drifti mpya kwa stiki mpya. Uliza: ukiharibu bodi inakuwaje? Uliza: unanipa waranti ya siku ngapi, na utaiandika? Na mwambie akurudishie spea ya zamani.

Pata bei kabla afungue. Hii si adabu tu. Kenya tuko na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, na ina sehemu nzima ya ukarabati wa bidhaa ambayo inataka upewe makadirio ya gharama kabla kazi ifanywe. Katiba nayo, Kifungu cha 46, inasema una haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa. Hutaenda kortini juu ya stiki, lakini ukijua hivyo utabonga na fundi ukiwa umesimama wima. Andikia fundi meseji ya makubaliano: kazi gani, bei gani, siku gani. Piga picha ya padi na namba yake ya nyuma kabla uiache, isije ikabadilishwa.

Ukiichukua, pima hapo hapo. Fungua ile tovuti kwa simu yako, angalia namba, finya kila batani. Usilipe yote kabla upime.

Kama umeamua kununua

Jua inayoingiana na mashine yako. Padi ya PS4 inashika kwa PS5, lakini inacheza gemu za PS4 pekee. Padi ya PS5 haichezi moja kwa moja kwa PS4. Wengi wamepoteza pesa hapo.

Kama padi bado iko ndani ya waranti, rudi dukani na risiti kabla mtu yeyote aifungue. Ikishafunguliwa, stori ya waranti imeisha. Na ukinunua iliyotumika, angalia skrubu. Ya PS4 ina nne nyuma. Zikiwa zimekwaruzwa, imeshafunguliwa. Ya PS5 skrubu hazionekani kwa nje, angalia kama plastiki ya katikati ina alama za kukwanguliwa.

Kuna pia padi na stiki za sensa za sumaku. Hizi hazina kaboni ya kuisha ju hakuna kitu kinakwaruza kingine. Teknolojia yenyewe si mpya, Sega waliweka kwa Dreamcast miaka ya tisini mwishoni. Padi za kawaida za PS4 na PS5 hazitoki kiwandani nazo, lakini fundi anaweza kukuwekea stiki za aina hiyo. Kama tayari unalipa mtu achome miguu 14, uliza tofauti ya bei. Mara nyingi hiyo ndio pesa bora utatumia, bora tu kalibresheni ifanywe vizuri.

DualSense Edge, iliyotoka Januari 2023, ina stiki unazotoa na kuweka bila kuchoma risasi. Lakini ilitoka kwa dola 199.99, so kwa wengi wetu hiyo ni pesa ya kununua mashine ya mitumba.

Ile iliyokufa usiitupe kwa takataka

Padi iliyokufa bado ina mali: mota za kutetemeka, springi, karatasi, ganda, vifuniko vya stiki. Fundi anaweza kukununulia ama kukupunguzia bei. Iliyobaki, hasa betri, isiingie kwa mfuko wa taka wa ploti. Betri ya lithiamu iliyotobolewa inawaka moto. Nairobi kuna WEEE Centre wanaopokea taka za vifaa vya umeme.

Ukae nayo muda mrefu

Osha mikono ukitoka kula chipo. Usirushe padi ukifungwa. Usiiache kwa chaji usiku kucha kila siku. Usisukume stiki kwa nguvu kama unasukuma matatu iliyokwama, mchezaji hakimbii zaidi ju umekaza. Ukimaliza, iweke mahali stiki hazifinywi na kitu, si chini ya mto wa kochi.

Kwa ufupi

Betri, batani, springi, mlango wa chaji wa PS4: tengeneza. Drifti ndogo: osha kwanza. Drifti kubwa kwa padi oriji iliyo fiti: tengeneza kama ni chini ya theluthi, na uulizie stiki za sumaku. Shida tatu kwa mpigo, bodi imeungua, ama bei imepita nusu: nunua. Feki yenye drifti: iache ikufe kwa amani.

Na usiku wa leo kabla uamue, fanya riseti na ubadilishe kebo kwanza. Ni dakika tano na ni bure.